Mashati Meupe ya Darasa la Pili

Nyie mnaopangiwa darasa la kwanza na la pili mkanuna, sogeeni karibu kidogo. Najua mnavyosema mkiwa wenyewe. Mnasema mmepewa watoto wa kufuta kamasi wakati wenzenu wanafundisha Hisabati darasa la saba na kuitwa mabingwa. Mimi nimefuta kamasi miaka thelathini na minne, kwanza Isingiro, halafu Bweranyange, na sasa nimetulia hapa Ndama na migomba yangu na kahawa zangu. Nikiambiwa nirudie, nitarudia kamasi zilezile. Ila kipindi kimoja kilinitoa roho, nacho ni kipindi cha sanaa. Kilinitoa roho kwa wivu, na hilo ndilo nimekaa kuwaandikia.

Wengine wakistaafu wanaeleza jinsi walivyokuwa wema. Nimewasikia kwenye sherehe zao za kuagwa, nikajiuliza kama kweli tulikuwa kazi moja. Mimi nilikuwa mtu mwenye kijicho. Nilimwonea wivu binti ambaye ningeweza kumzaa mwenyewe, kisa karatasi za watoto zilizobandikwa ukutani. Nitafika huko. Kwanza tuongee rangi, kwa sababu nyie barua ya ajira ikiwa bado ina joto mnaanza kulalamika kwamba shule haina rangi.

Karagwe nzima ni rangi. Udongo mwekundu uchimbe pale barabara ilipokata kilima, usichukue ule wa juu wenye mizizi. Uanike, uutwange, uuchekeche kwa kipande cha khanga kuukuu, kisha uukoroge na uji mwepesi wa muhogo ili ushike kwenye karatasi. Bila uji, ukikauka unapukutika, na mtoto analia kwamba nyumba yake imeanguka. Mkaa unakupa nyeusi. Vumbi la chaki linakupa nyeupe, ukiwa na mfuko wa saruji uliokung'utwa wa kuchorea. Kijani usijisumbue kuchemsha majani. Mpe mtoto jani laini la maharage alisugue pale pale kwenye karatasi.

Na huo uji usiukoroge mapema. Mwaka mmoja nilikoroga ndoo nzima asubuhi, nikaitwa kikaoni, niliporudi darasa la kwanza walikuwa wamekunywa nusu. Njaa inawauma, na uji ni uji. Niliwauliza nani ameanza, wakanyamaza wote, midomo imewaka weupe. Tangu siku hiyo uji wa rangi nautia chumvi mpaka hata mbwa anaukataa.

Aliyenifundisha mambo ya udongo ni Mwalimu Rwiza, kule Isingiro, mzee aliyekuwa anatafuna kahawa kavu toka kengele ya kwanza mpaka ya mwisho. Alikuwa na neno moja alilonirudia kila wiki: usimwambie mtoto amekosea kabla hajakueleza amechora nini. Nilimwitikia tu, ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu, sikumsikiliza. Siku moja kijana wa darasa la kwanza alichora nyumba yao haina mlango. Nikampigia mkasi mwekundu wa kosa, wa nguvu. Akaniangalia kwa huruma kabisa, akasema, "Mlango uko kwa nyuma, mwalimu. Wewe umesimama huku."

Rwiza alicheka mpaka kahawa zikamtoka mdomoni. Akaniambia, "Kemilembe, zunguka nyumba ya watu kabla ya kusema haina mlango."

Mngedhani nilijifunza. Wapi. Nilipohamia Bweranyange nilikuwa nimeshajipatia sifa, na sifa zangu zilikuwa za kuchora ubaoni. Kikombe, mwavuli, samaki, jogoo. Nilikuwa nachora kikombe kwa mkono mtupu, mdomo wake umeviringika huwezi kuona nilipoanzia. Watoto wananakili. Mwisho wa kipindi una vikombe hamsini vinavyofanana, unavibandika ukutani kwa mstari, wakaguzi wakipita wanasema hapa kuna mwalimu. Walimu wa shule za jirani walikuwa wananiomba niwachoree mabango yao. Sanaa ya darasa la kwanza na la pili ilikuwa yangu miaka yote, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kwa nini watoto wangu hawacheki wakichora.

Sasa Jasinta. Alikuja miaka michache kabla sijastaafu, ajira mpya, amekulia Bukoba mjini. Baba yake alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo ndizi alikuwa anazijua zikiwa zimeshamenywa, ziko kwenye sufuria. Kupanda kilima cha shule alikuwa anapumzika mara tatu. Lakini adabu alikuwa nayo, siwezi kumnyima. Siku ya kwanza alinipigia magoti kidogo, "Shikamoo mama," na toka hapo akaniita mama, siyo mwalimu.

Mwalimu mkuu naye alikuwa mpya. Alipanga ratiba, akanibakiza na darasa la kwanza, darasa la pili akampa Jasinta pamoja na sanaa yake. Akaniambia mbele ya wote ofisini, "Tumekupunguzia, mama, upumzike kidogo."

Nilisema sawa. Sikuwa nimechoka hata kidogo.

Kati ya darasa langu na lake palikuwa na ukuta wa tofali za kuchoma usiofika juu kwenye paa. Kila Ijumaa, kipindi cha sanaa, nilikuwa nasikia kila kitu. Nilisikia watoto wanacheka. Nilisikia meza zinaburutwa. Nilimsikia mwenyewe anasema, "Hebu nieleze, huyu anakwenda wapi?" halafu kimya, mtoto anaeleza, halafu wote wanacheka tena. Wangu nao wanaacha vikombe vyao, shingo zimegeuka, wanausikiliza ukuta. Nikawa nagonga ubao kwa rula.

Halafu likaja hilo kundi la walimu kwenye simu. Jasinta anapiga picha kazi za watoto, anatuma. Senene wa nyuzi za mgomba wenye miguu ya njiti. Mbuzi wa udongo. Dole gumba zinamiminika, mioyo, makofi. Nami nikatuma vikombe vyangu. Nilipata dole moja, na aliyeliweka ni Jasinta.

Afisa elimu wa kata alipokuja alisimama kwenye ukuta wa darasa la pili mpaka chai yake ikapoa. Kwangu alipita, akasema, "Vikombe vizuri," kama mtu anayesalimia akiwa juu ya pikipiki.

Lakini kilichonimaliza kilikuwa nyumbani. Nilikuwa naishi na mjukuu wangu Alinda, mama yake anafanya biashara ya nguo Bukoba. Alinda alikuwa darasa la pili. Huyo mtoto nilimfundisha mwenyewe kushika penseli, akiwa na miaka minne. Sasa tukikaa kula, ni Mwalimu Jasinta hivi, Mwalimu Jasinta vile. Jioni moja nilihesabu jina hilo mara kumi na moja kabla sahani haijaisha.

"Bibi, Mwalimu Jasinta anasema mbuzi anaweza kuwa wa bluu."

"Bluu ya wapi?"

"Ya asubuhi, akiwa na baridi."

Nikamwambia ale. Baadaye nilimwosha mikono, na niliisugua kuliko ilivyohitaji kusuguliwa, mpaka akaniambia inauma.

Jumamosi iliyofuata nilijifanya nimesahau daftari, nikachukua ufunguo, nikaenda kujifungia darasa la pili peke yangu. Nilizitazama zile picha moja moja. Mbuzi wa bluu alikuwepo, anatetemeka kweli, mistari yote imetikisika. Nikachukua chaki nikajaribu kumchora mbuzi wa namna ile ubaoni. Akatoka sawasawa, miguu minne, ndevu, pembe mbili. Nikamfuta. Nikajaribu kwa mkono wa kushoto, akatoka sawasawa ila mbaya. Nilitoka pale nikawa namchukia yule binti waziwazi ndani ya roho yangu, huku namwitikia marahaba kila asubuhi.

Sasa sikilizeni vizuri. Alhamisi moja Jasinta alinifuata ofisini na kipande cha kikonyo cha jani la mgomba, amekikata kwa kisu. Mmeshaona kinavyokuwa ndani ukikikata, vitundu vitundu kama sega la nyuki. Macho yake yalikuwa yanawaka.

"Mama, angalia. Nikikichovya kwenye rangi ya udongo nikagonga kwenye karatasi, si kitatoa chapa nzuri? Kila mtoto awe na wake. Unaonaje?"

Nilikitazama. Kwenye ncha kulikuwa na tone la utomvu, limening'inia, safi kama maji. Mtoto yeyote wa Karagwe anajua kile kitu. Kikikudondokea leo hukioni. Kesho ni kahawia, ukifua kinazidi, mwisho ni cheusi, na unazikwa nacho. Ndiyo maana kila mtu hapa ana nguo ya kibanjani, ya kuingilia shamba la migomba, imejaa madoa mpaka haina rangi yake ya kuzaliwa, na hakuna anayeingia kukata mkungu na nguo ya kanisani. Jasinta hakuwa na nguo ya kibanjani. Alikuwa hana kibanja.

Nikamwambia, "Jaribu."

Neno langu lilikuwa hilo moja. Akashukuru, akaondoka anaruka.

Ijumaa nilitoka darasani nikajitia kwenda chooni, nikapitia dirisha la darasa la pili. Watoto hamsini na wawili, mashati meupe, kila mmoja na kikonyo chake kibichi, kimekatwa muda huo huo. Wanachovya, wanagonga. Karatasi zilikuwa nzuri, sitasema uongo, zilikuwa nzuri kuliko chochote nilichowahi kubandika. Na utomvu ulikuwa unawachuruzika kwenye viganja, wanajifuta kifuani, wanafutiana mgongoni, na mashati yanaonekana meupe peee.

Alinda alikuwa bado kwenye foleni ya kupewa cha kwake. Nikamwita mlangoni kwa kidole.

"Vua shati. Vaa sweta, ufunge vifungo vyote."

"Mbona kuna jua, bibi?"

"Fanya ninavyokwambia."

Akavua, nikalikunja shati nikaliweka kwenye mkoba wangu. Jasinta aliinua kichwa, akanitabasamia, akanipungia mkono mwekundu wa udongo. Nikamrudishia. Kumwambia "utomvu huo" kungechukua muda gani? Ningelisema palepale mlangoni na kipindi kisingesimama hata dakika. Nilirudi darasani kwangu nikachora mwavuli.

Niwaambie la kazi kabla sijaendelea, kwa sababu nisingependa mlipate kwa njia niliyolipatia. Chapa za mgomba zifanyeni, ni nzuri mno. Kata vikonyo siku moja kabla. Visimamishe kichwa chini usiku mzima vichuruzike, asubuhi vioshe kwa maji ya chumvi. Watoto wapake mafuta ya kula viganjani, kama tunavyofanya tukimenya ndizi mbichi. Na wavae fulana za nyumbani juu ya sare. Yote haya nilikuwa nayajua siku ile nimesimama pale mlangoni na shati la mjukuu wangu kwenye mkoba.

Jumamosi ni siku ya kufua. Kina mama walisugua kwa sabuni ya mche, wakajaribu limau na chumvi, wengine dawa ya madoa ya dukani, na kila walivyosugua doa likakolea. Jumapili watoto kadhaa walikuja kanisani na alama za fimbo miguuni, wamechapwa kwa kuharibu sare. Jumatatu wazazi walijaa darasa la saba, na mashati wamekuja nayo mikononi.

Aliyesimama kuwasemea alikuwa Mama Asimwe, mwanamke wa maneno machache anayelima kahawa nyingi kuliko wanaume wa kitongoji chake.

"Waitu mwalimu mkuu," alianza kwa heshima, "sisi wenyewe tunabadili nguo tukiingia kibanjani. Mtoto nampeleka shule akiwa msafi, shule inampaka utomvu?"

Mwalimu mkuu akamgeukia Jasinta. Jasinta akasimama. "Sikujua," alisema. "Naomba radhi. Sikujua kabisa."

"Hukujua utomvu?" mzee mmoja akauliza. "Huko Bukoba mnakula ndizi za kiwandani?"

Watu wakacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kibaya. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele na walimu wenzangu. Sitawaficha kwamba mwanzoni nilikifurahia. Kilikuwa kicheko cha kwanza kuhusu Jasinta ambacho sikukionea wivu.

Mama Asimwe hakucheka. Alikuwa anageuza shati la mwanawe. "Nina swali jingine," akasema. "Nimeuliza nyumba kwa nyumba. Darasa zima limeharibika, shati moja tu ni jeupe. La mjukuu wa Mwalimu Kemilembe. Imekuwaje?"

Vichwa vyote vikaja kwangu.

"Alinda alikuwa na kifua," nikasema. "Nilimvalisha sweta."

Jasinta alinitazama mara moja, akateremsha macho kwenye mikono yake, ambayo nayo ilikuwa na madoa meusi. Uamuzi ukatoka: Jasinta aondolewe darasa la pili, sanaa irudi kwangu, na mwalimu mkuu aandike barua wilayani kuomba ahamishwe, maana wazazi walisema hawamtaki tena karibu na watoto wao. Barua ingekwenda Jumatatu ya wiki inayofuata. Nilitoka pale nimepata kila nilichokitaka, na juu ya hayo nimeonewa huruma kwa kuongezewa kazi.

Ijumaa nilivaa kitenge changu kizuri. Nilinoa penseli, nikachagua chaki ndefu. Niliingia darasa la pili, wakasimama, "Shikamoo mwalimu," wakakaa. Zile karatasi zenye chapa zilikuwa zimebanduliwa ukutani, umebaki uji uliokauka. Nikaanza kuchora kikombe.

Nilipogeuka, Asimwe wa dawati la mbele alikuwa anafungua vifungo vya shati lake.

"Unafanya nini, Asimwe?"

"Navua shati, mwalimu."

"Nani amekwambia uvue?"

Akamwangalia Alinda, akaniangalia mimi. Hakuwa anatania, alikuwa mtoto wa kufuata maagizo. "Alinda alisema wewe unajua. Alisema ulimvua yeye, ndiyo maana hakuchapwa."

Jirani yake naye akaanza kufungua vifungo. Kisha dawati la nyuma yao. Hakuna aliyepiga kelele. Vidole vidogo vikawa vinahangaika na vifungo, wanasaidiana, mashati wanayakunja vizuri wanayaweka mapajani, wananisubiri mimi na chaki yangu. Walikuwa wanaogopa kikombe. Alinda peke yake hakuvua. Aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa dawati.

Nikawaambia vaeni, leo ni chaki tu, chaki haina kitu. Wakavaa taratibu, bila kuniamini. Walinakili kikombe kwa ncha za vidole, mikono wameinyoosha mbali na vifua vyao. Tangu nianze ualimu sikuwahi kuona darasa limetulia vile, na nilitaka kukimbia.

Kengele ilipolia nilikwenda moja kwa moja kwenye chumba alichopanga Jasinta, nyuma ya duka la pembejeo. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa anazipanga zile karatasi za chapa kwenye boksi, kila moja kaiandika jina la mtoto kwa nyuma. Akasimama kunipisha kwenye kiti.

"Shikamoo mama."

Sikuweza kuitikia. Nikasema nikiwa nimesimama, "Nilijua. Siku ile ofisini nilijua. Na mlangoni nilijua."

"Najua, mama," akasema. "Alinda aliniambia Ijumaa ileile. Alikuja kuniuliza kwa nini bibi anaogopa baridi. Mashati yalipoharibika nikaelewa."

Nilikaa.

"Kwa hiyo kikaoni ulikuwa unajua. Mama Asimwe aliuliza mbele ya watu wote. Mbona hukusema?"

"Ningemtaja nani shahidi?" akaniuliza. "Wangemwita Alinda. Wangemsimamisha mbele ya wazazi wote amseme bibi yake. Ana miaka saba." Akaokota karatasi iliyoanguka, akaiangalia jina, akaiweka kwenye boksi. "Halafu mimi ndiye niliyewapa vikonyo. Nilikuuliza kama chapa itakuwa nzuri. Sikukuuliza kama ina madhara. Sasa nauliza kila kitu."

Vijana, mnajua niliwaza nini? Mtu mwema angewaza amenisamehe. Mimi niliwaza, hata hili amenishinda. Katika hayo yote mjukuu wangu alilindwa na watu wawili. Mimi nililinda shati, yeye akamlinda mtoto. Na nilimwonea wivu kwa hilo kuliko kwa picha zote, kuliko mbuzi wa bluu na dole gumba na chai ya afisa elimu iliyopoa. Nililia pale kwenye kiti chake cha plastiki, na nusu ya machozi yale yalikuwa ya hasira, nawaambia ukweli.

Akanipa maji. Hakuniambia nisilie. Nilipomaliza nilinyanyuka nikaenda kwa mwalimu mkuu nikamwomba asipeleke barua, aite wazazi tena. Akauliza kuna nini. Nikasema nitasema mbele yao.

Waliitwa Jumatatu asubuhi, darasa lilelile. Jasinta alikaa mwisho wa mstari wa walimu. Nilisimama. Nilikuwa nimejipangia maneno mengi ya kujikinga, uzee, uchovu, kusahau. Nilipomwona Mama Asimwe amekaa na mikono imefungwa, yote yakanitoka.

"Alinda hakuwa na kifua," nikasema. "Nilijua utomvu utaharibu mashati. Nilimvua mjukuu wangu nikayaacha ya kwenu. Mwalimu Jasinta aliniuliza kabla, nikamficha."

Nje, darasa la kwanza langu lilikuwa linapiga kelele bila mwalimu.

"Kwa nini?" Mama Asimwe akauliza.

"Nilimwonea wivu."

Mtu mmoja alicheka, akidhani natania. Akaona wenzake hawacheki, akaacha. Mzee aliyeuliza kuhusu ndizi za kiwandani alikohoa akaangalia dari. Wengi wa wale wazazi niliwafundisha kusoma mimi mwenyewe, na nilijua wakitoka pale watanisalimia bila kusimama. Ndivyo ilivyokuwa, mpaka nilipostaafu.

Mama Asimwe akaikunjua mikono yake. "Haya," akasema. "Mwalimu mkuu, hiyo barua chana. Lakini hatujamaliza. Watoto wetu nani awafundishe sanaa? Huyu binti ana moyo mzuri lakini hajui utomvu. Na keshokutwa hatajua kitu kingine. Wewe, mwalimu, umekosa, lakini kazi unaijua. Mimi sina shida ukiendelea."

Wenzake wakaitikia. Mmoja akasema kweli, Mwalimu Kemilembe ni wetu. Mwingine akasema vikombe vyake walivichora hata wao. Mwalimu mkuu akanigeukia, akasubiri.

Sikilizeni, nyie mnaoanza. Nililitaka lile darasa. Nalitaka hata leo nikiwa hapa Ndama, mikono imepinda, nikisikia watoto wanapita barabarani kwenda shule. Walikuwa wananirudishia mkononi, baada ya yote niliyoyafanya, na nilichotakiwa kusema ni asante. Nilimwangalia yule binti kule mwisho wa mstari. Alikuwa hanitazami, alikuwa anakwangua doa jeusi kwenye kidole chake kwa ukucha.

Nikasema, "Mpeni Jasinta."

Roho iliniuma nilipolitamka lile jina. Waliokaa nyuma hawakusikia, wakauliza amesema nani, ikabidi nilirudie kwa sauti.